Nilivyompeleka Sajini Mbwera

Jamaa zangu wa hapa Mloka, tangu nirudi juzi sijapumua. Nikienda kisimani, swali. Nikienda msikitini, kabla sijavua viatu, swali. Jana mwenye duka aliishika sukari yangu mkononi akagoma kunipa mpaka nimjibu: "Mzee Seifu, uliondoka na mbwa, umerudi na gunia la mchele. Mbwa yuko wapi?" Kwa hiyo nimenunua daftari, nimeandika yote mara moja. Anayejua kusoma amsomee asiyejua, nami mniache ninywe chai yangu kwa amani. Na yale macho ya huruma mnayoniangalia nayo, yaondoeni. Mimi nina furaha ambayo sijaipata tangu nikabidhi funguo za lori.

Mambo yalianza kwa simu ya mdogo wangu Mwanahawa, yule wa Mbwera, mjane. Alinisalimia vizuri, akauliza mgongo wangu, akauliza mvua za huku, kisha akasema, "Kaka, nguruwe wamemaliza shamba la jirani kwa siku tatu. Sasa limebaki langu, na mpunga umeanza kuinama. Huu ukienda, na mimi nakwenda Mbagala kwa Hamisi." Nilidhani mtandao umekatika. Ndipo akauliza kwa sauti ndogo, "Yule mbwa wako bado unaye?"

Nyie hamjui maneno hayo yalimgharimu nini. Mwanahawa na mbwa ni maji na mafuta, na kosa ni langu. Zamani, siku moja ya Ramadhani, nilipaki lori nyumbani kwa marehemu mama, kule Bungu. Mbwa wangu wa wakati huo, Meja, akaingia uani akalamba sufuria ya futari, adhana ikiwa inakaribia. Familia nzima ilifuturu kwa maji na tende. Mwanahawa aliitupa sufuria jalalani, akaniambia kuwa siku nitakayomfikishia mnyama yule mlangoni kwake, hatanifungulia hata nikibisha mpaka asubuhi. Leo mtu huyo huyo ananiomba mbwa. Hamisi mwanawe ni mtoto mwema, kila mara anasema mavuno yakiisha atamchukua, na chumba kwake Mbagala kipo, lakini Mwanahawa kazaliwa kando ya mto, kazaa kando ya mto, na hajawahi kununua mchele maishani mwake. Nilimwambia, "Mdogo wangu, usiondoke. Tunakuja."

Mloka mpaka Kibiti

Niliondoka na lori la ufuta la Mangapi, dereva mwenzangu wa siku nyingi. Alinipa kiti cha pembeni, na hapo ndipo nilipojua mateso ya abiria. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini na moja, Tunduma, Rusumo, Lubumbashi, ukimweka kiti cha pembeni unamwonea. Kila kona mguu wangu wa kulia ulitafuta breki. Mangapi akabadilisha gia, mimi nikaguna. Akabadilisha nyingine, nikaguna tena. Kufika Mwaseni akasimamisha gari akasema, "Mzee, chagua. Unyamaze wewe, au upande juu ya ufuta ukaniache mimi na Sajini, maana yeye hajaniguna hata mara moja."

Kweli Sajini alikuwa ametulia miguuni pangu. Mnamfahamu: jike la miaka minne, rangi ya mchanga, sikio moja limechanika. Labda hamjui kwa nini mbwa wangu wote wana vyeo. Mimi niliingia jeshini nikiwa praiveti na nikatoka nikiwa praiveti, vyeo vikinipita pembeni. Nikaapa kuwa mbwa wangu hawatapata dhiki hiyo. Wa kwanza alikuwa Kapteni, mbwa asiye na mwenyewe aliyetufuata wakati wa vita ya Kagera. Alfajiri moja nimelala handakini, akaishika suruali yangu kwa meno akavuta. Hakubweka. Nilipoinuka niliona watu wanatambaa kwenye migomba. Angebweka, nisingekuwepo kuandika daftari hili. Tangu hapo kila mbwa niliyemlea nimemfundisha hivyo hivyo: ukiona kitu, nyamaza, njoo univute nguo.

Na sharia naijua pia, msije mkanisema pembeni. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chini ya kiti cha lori langu hapakukosa kopo la maziwa ya unga lililojaa udongo mkavu, safi, uliochekechwa. Madereva wengine walibeba spea tairi. Mimi nilibeba spea tairi na udongo. Kopo hilo nilikuwa nalo safari hii pia, na Mangapi alilicheka sana.

Mbele ya Mwaseni tukawakuta tembo wamesimama barabarani, saba, na mtoto wao. Mangapi akazima injini. Tulikaa pale saa nzima na ushee, tukila mihogo ya kuchoma, tukiwangoja wenye nchi wamalize mkutano wao. Sajini aliwaona kabla yetu, akanivuta suruali taratibu, kisha akalala. Nyinyi wa Mloka sina haja ya kuwaeleza, lakini daftari hili litasomwa na wengine: mbwa akimbwekea tembo, tembo humfukuza, na mbwa hukimbilia kwa bwana wake, basi mgeni huyo unaye mlangoni. Mangapi alimtazama Sajini, akasema angependa utingo wake awe na akili hizo.

Kibiti

Kibiti tulifika jua limeshalala upande wa magharibi, vumbi limenijaa mpaka masikioni. Mangapi akaenda kwake, nami nikashuka stendi na Sajini pembeni ya goti langu. Mwendo wa kwata haujanitoka miguuni, na viatu vyangu ni vile vizito vya kazi. Nilikuwa natafuta chakula tu. Lakini nikaona vijana wa bodaboda wanavaa kofia zao ngumu kwa haraka ya ajabu, na wawili wakawasha pikipiki wakaondoka bila abiria. Mbele kidogo Sajini akasimama kwenye mfuko wa mtu mmoja mnene aliyekuwa akingoja basi, akaunusa kwa makini.

Yule bwana akainua mikono. "Afande, ni ng'onda. Wallahi ni ng'onda tu, nampelekea mkwe."

Nikamwambia mimi si afande. Akafungua mfuko wote chini, samaki mmoja mmoja, huku akiniita afande. Sajini kumbe alitaka mkia wa ng'onda, akapewa miwili.

Mama lishe alinipakulia ugali na perege mkubwa kuliko sahani, akasema kazi njema afande. Nyumba ya wageni ambayo miaka yote hainipokei na mbwa, safari hii mwenyewe, mama wa makamo, alitoka nje kunilaki. Nikaona nisile haramu ya heshima, nikamweleza polepole kuwa mimi ni dereva mstaafu kutoka Mloka nampelekea dada yangu mbwa wa shamba. Yule mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akanikonyeza. "Nimeelewa, afande. Hata usiseme zaidi." Nililala kitanda kizuri, Sajini chini kwenye gunia, na asubuhi bajaji ilikuwa mlangoni inangoja kunipeleka gatini. Jamani, nilijitetea kadiri nilivyoweza.

Nyamisati

Kutoka Bungu kwenda Nyamisati ni mikorosho na mchanga, mchanga na mikorosho. Bajaji ilikwama mara mbili, na mara zote mbili afande alishuka akasukuma. Hata hivyo nilifika gatini maji yakiwa yamejaa vizuri, boti ya Mbwera imeshapakia, watu kumi na mmoja ndani. Nikajua nimewahi. Kumbe nilijisifu mapema.

Nahodha Mshamu, mtu mfupi mwenye sauti inayotosha boti tatu, alisimama juu ya injini. "Mzee, wewe karibu. Huyo haingii humu."

Nikamwambia kwa upole kuwa mbwa mkavu hana tatizo, najisi ni mpaka pawe na majimaji. Mvuvi mmoja aliyekaa mbele akaniunga mkono: "Kweli, mkavu kwa mkavu hakuna neno." Mwingine akamjibu, "Wewe umeona wapi boti kavu?" Wote wakatazama chini, na kweli maji yalikuwa yanacheza miguuni. Nikasema nimtie kwenye tenga. Wakasema tenga lina matundu. Nikasema nimfunge turubai. Mama mmoja, Bi Zuhura, alikuwa amekumbatia mfuko mkubwa wa nailoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Akasema, "Baba, humu mna shela la bibi harusi. Jeupe. Harusi ni leo alasiri Mbwera. Mbwa wako akipiga chafya tu, mimi nimekwisha."

Hapo baraza likafunguka. Watu walishuka kwenye boti ili wabishane vizuri. Mmoja akaleta habari ya mbwa wa babu yake, mwingine akaleta aliyoyasikia redioni. Muuza vitumbua akaacha kikaango akaja kutoa hoja. Mtu pekee aliyekuwa kimya ni Ustadh Kassimu, mwalimu wa madrasa, kakaa kivulini na kanzu yake nyeupe pe, anavuta tasbihi. Yeye ndiye aliyekuwa anakwenda kufungisha hiyo ndoa. Mimi nilikuwa nimeanza kuumia moyoni, kwa sababu boti nyingine ilikuwa keshokutwa, na nguruwe hawangoji keshokutwa.

Mwisho nahodha akachoka. Akaazima mtumbwi mdogo gatini, akaufunga kwa kamba nyuma ya boti. "Mzee, panda humo na huyo mwenzio. Nawavuta." Watu wote wakakubali kuwa hiyo ndiyo haki. Tukarudi kupanda, na ndipo Nahodha Mshamu alipotazama nguzo za gati akashika kichwa. Tulipoanza kubishana maji yalikuwa juu. Sasa nguzo zilikuwa zimeonyesha chaza zake zote.

Mtoni

Miaka thelathini na moja nimevuta tela. Siku hiyo nikawa tela. Nilikaa katikati ya mtumbwi, Sajini mbele, kopo la udongo mapajani, boti ikitumwagia mawimbi na moshi. Nilifurahi, siwafichi. Mikoko inapita pande zote mbili, kaa wekundu wanakimbilia mashimoni, kima wanatuangalia, nami sina usukani wala lawama.

Nahodha alikuwa anawahi maji, na maji yalikuwa yanawahi kuondoka. Tulipofika mahali mto umepanuka ukawa mpana kweli kweli, mimi nikasema moyoni, haya, barabara kuu hii. Kumbe mto si barabara. Pale panapopanuka ndipo pasipo na kina. Boti ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikakaa kwenye tope kwa utulivu mkubwa. Wakasukuma kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, wakashuka wanaume wanne, wakazama mpaka magotini, wakarudi ndani. Nahodha akazima injini akatangaza kuwa tutatoka maji yakirudi. Hiyo ni saa sita mchana, na maji yanarudi jioni.

Bi Zuhura alianza kulia. Shela liko hapa, bibi harusi yuko kule. Ustadh Kassimu akasimama, akakaa, akasimama tena. Kisha wote wakaona kitu kimoja kwa wakati mmoja: boti imelala kwenye tope, na mtumbwi wa mbwa unaelea.

Nilimkuna Sajini sikio. Nilitazama mikoko.

"Mzee Seifu," Ustadh akaniita kwa adabu ambayo gatini sikuiona, "mtumbwi huo unachukua watu wangapi?"

"Ustadh, unachukua watatu na sajini mmoja. Tatizo mimi sijui upondo. Mimi ni mtu wa gia."

Mnajua alifanya nini? Alipandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akashika upondo na kuruka mtumbwini bila kuutikisa. Kumbe ni mzaliwa wa visiwani, kakulia kwenye mitumbwi kabla hajakulia kwenye vitabu. "Heri nusu shari kuliko shari kamili," akasema. Bi Zuhura akashushwa na shela lake kichwani, nikamketisha nyuma kabisa. Tukaondoka, na wale tisa waliobaki na nahodha wakatupigia makofi.

Tulipokuwa kwenye mkondo mwembamba, kivuli kizuri, Ustadh akanambia, "Mbwa wa kulinda shamba au mifugo ameruhusiwa. Hilo halina ubishi."

Nikageuka. "Ustadh, mbona hukusema pale gatini?"

"Hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnapiga kelele."

Nilicheka mpaka mtumbwi ukayumba. Bi Zuhura akapiga yowe, Sajini akageuka kuona kuna nini, akajikung'uta maji yote ya mwilini. Shela lilinusurika. Ustadh hakunusurika, kanzu yake ilipata matone kuanzia kifuani mpaka chini. Alitazama matone, akanitazama mimi, akaendelea kupiga upondo.

Mbwera

Ufukweni walikuwa wamejaa watu wa harusi wanaongoja boti kubwa na mlio wa injini. Wakaona mtumbwi, mbele amekaa mbwa wima, nyuma mama na mzigo kichwani, katikati Ustadh wao anapiga upondo na jasho linamtoka. Ngoma zilisimama. Bwana harusi mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili.

Ustadh akateremka, akasema kwa sauti, "Amani iwe juu yenu. Nipatieni maji safi na udongo mkavu." Maji yakaletwa upesi. Udongo mkavu Mbwera siku ile haukupatikana, palikuwa na tope na tope jingine. Nikafungua kopo langu. Udongo wa Mloka, mlaini, mkavu, uliochekechwa. Ustadh akauchukua kwenye kiganja akautazama kama anayetazama hina ya Idd, akaniuliza, "Mzee, wewe hutembea nao?" Nikamwambia huu mwaka wa arubaini na kitu. Akaosha kanzu mara saba mbele ya watu wote, akavaa ya kuazima iliyomfika kwenye vigimbi vya miguu, akafungisha ndoa. Nikawekewa sinia la pilau peke yangu chini ya mnazi, na Sajini mifupa. Kila aliyepita alitaka kuona kopo.

Ndipo Mwanahawa alipofika. Amekonda, kanga kajifunga vizuri, macho yale yale. "Kaka, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu."

Akamtazama Sajini kwa mbali, kama mtu anayetazama deni la mtu mwingine. "Huyo ndiye?"

"Ndiye. Nguruwe wamefika?"

"Jana wamekula pembeni, upande wa mikoko. Leo au kesho wanaingia katikati." Akauchukua mzigo wangu. "Maliza pilau, twende. Lakini kaka, sharti. Ngazi ya dungu langu la shambani, huyo haipandi."

Shambani

Shamba la Mwanahawa ni zuri. Mpunga umesimama mpaka kifuani, umeanza kuwa wa manjano, na katikati kuna dungu lake juu ya nguzo nne, lenye ngazi na paa la makuti. Humo ndimo anamoishi tangu mpunga utoe masuke mpaka uvunwe, anaamia ndege mchana wasile mpunga na kusikiliza nguruwe jioni na alfajiri. Nikaona upande wa mikoko jinsi walivyokula: si kula tu, wamelala, wamejigaragaza, wamefanya uwanja.

Nikamkabidhi Sajini ulinzi, tukalala. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya kosa. Mimi sikio la kulia lilikufa vitani, na la kushoto nimeliacha nusu kwenye injini za malori. Nililalia lile la kushoto. Na dada yangu sikumwambia jinsi mbwa wangu anavyofanya kazi. Yeye alijua mbwa ni kitu kinachobweka.

Kumepambazuka kidogo, Mwanahawa ameshuka, ameswali, amekaa kwenye mkeka chini ya ngazi na tasbihi yake, usingizi unamchukua. Nguruwe wakatoka kwenye mikoko. Sajini akawaona. Akanitafuta, nipo juu, na ngazi amekatazwa. Akamwendea mtu aliyekuwepo. Akashika pindo la kanga ya Mwanahawa kwa meno, akavuta.

Tangu utotoni Mwanahawa ana sauti. Marehemu mama alikuwa akimtuma yeye kutuita kutoka ng'ambo ya mto. Lakini yowe alilopiga asubuhi ile sijapata kulisikia hata vitani. Mimi mwenye nusu sikio niliruka nikagonga paa. Ndege waliruka mashamba matatu. Na pale kwenye mpunga, hatua thelathini tu, nguruwe kumi hivi walitoka mbio, wakubwa kwa wadogo, wakivunja mikoko, na mmoja kwa hofu akaingia mtoni kabisa akaogelea.

Mwanahawa hakuwa amewaona. Alikuwa anamtukana mbwa. "Kanga yangu! Kaka, ameshika kanga yangu!" Nikamwonyesha kwa kidole. Aliwaona wa mwisho wawili wakiishilia. Kisha akaniomba kopo, akafua kanga mara saba.

Kesho yake ikawa vile vile: kuvutwa, yowe, nguruwe mbio, kufua. Siku ya tatu nilipoamka nilimkuta amesuka kamba ndefu ya ukindu, ameifunga kiunoni, ncha nyingine ameitupa nyuma yake kwenye majani. "Mwambie avute hii," akasema bila kunitazama. "Kanga zinaisha rangi." Sajini hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mbwa asiyebweka na mwanamke mwenye sauti, kila mmoja ana kile ambacho mwenzake hana. Kufika siku ya sita majirani walikuwa wanakuja kutazama, na Mwanahawa anawaeleza kazi inavyofanyika kama mtu aliyeibuni yeye.

Mimi je? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilifyeka, nilikata, nilibeba. Mavuno hayana mapumziko, ni mchana kutwa mgongo umepinda, na jioni tunakaa kula pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa na kutwangwa, na nazi iliyokunwa juu. Siku ya kumi na nane mganda wa mwisho ukaingia ghalani. Mwanahawa alisimama mlangoni mwa ghala akalia kwa furaha, nami nikalia, wala sikujificha. Mwaka mzima wa chakula, na hakuna punje iliyoliwa tangu tufike.

Kurudi

Makubaliano yetu yalikuwa wazi: mavuno yakiisha narudi na mbwa wangu. Asubuhi ya boti nikajifunga mzigo. Mwanahawa akaleta gunia la mchele, akalitua, akasimama.

"Kaka, maji leo si mazuri."

Nikatazama. Maji yalikuwa yametulia kabisa.

"Na Mshamu hatakubali tena kukuvuta kwa mtumbwi."

"Jana kasema atanivuta."

"Basi huko njiani kuna jua. Huyo mnyama ataumwa." Akachezea pindo la kanga. "Na mihogo yangu nguruwe wataigeukia, watu wanasema. Mimi sisemi, watu ndio wanaosema."

Ningeweza kumngoja aombe. Ni mdogo wangu, na futari ile ilikuwa kosa langu, nami najua jinsi ilivyo vigumu kwake. Nikamwambia, "Mwanahawa, niachie mimi niombe. Naomba unisaidie kukaa na Sajini. Mimi nimezeeka, simwezi tena." Akasema haraka sana kuwa hakuna shida, kama ni kunisaidia mimi.

Nikainama, nikamshika Sajini kichwa, nikamwambia amebaki kikosini. Alikuja nami mpaka ukingoni. Boti ilipoondoka alisimama, akatazama, kisha akageuka akamfuata Mwanahawa njia ya shambani. Hakugeuka tena. Jamani, iliniuma, na nililia mpaka karibu na Nyamisati, abiria wote wakidhani nimefiwa. Lakini katikati ya kulia nilijikuta nacheka, nikikumbuka lile yowe. Bi Zuhura, aliyekuwemo, alinipa vitumbua vitatu kunituliza.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Jana jioni Mwanahawa amenipigia. Akanieleza Sajini anakula nini, analala wapi, na kwamba mvua kidogo ilinyesha ikabidi apandishwe ngazi, mara moja tu. Nikamuuliza, "Na Hamisi? Si alisema mavuno yakiisha atakuja kukuchukua?"

"Alikuja. Nimempa mchele, amerudi."

"Ulimwambiaje?"

"Kaka, na wewe una maswali! Niende Mbagala, mbwa wangu nimwachie nani?"